Maji ya Kufulia

Ndama alipenya pale ua wa miiba ulipolegea, akatumbukiza mdomo kwenye karai la maji ya buluu, akanywa.

Loisi alimwona. Alikuwa amepiga magoti mchangani, mikono imezama kwenye povu hadi viwikoni, anasugua shuka la Bibi, mke wa Mdachi wa nyumba ya mawe. Angeweza kumfukuza. Maji yale yalikuwa na sabuni na ule unga wa buluu wa kung'arishia nguo nyeupe, si maji ya kunywewa na kiumbe. Lakini ndama alikuwa wa kwao, alizaliwa mbele ya macho yake msimu uliopita, na sasa mbavu zake zilikuwa nje nje. Loisi aliinamisha uso akaendelea kusugua.

"We Loisi!" Hasani, askari wa zamu, aliinuka kivulini akaja mbio na bunduki yake. "Macho umeyaweka wapi?"

"Kwenye shuka, bwana askari. Si ndiyo kazi niliyopewa?"

Hasani alimpiga ndama kwa kitako cha bunduki, papo hapo puani. Ndama alirudi nyuma, akatokea pale pale alipopenya, pua imekuwa ya buluu. Ng'ambo ya ua alikuwa amesimama Sila, mume wa Loisi, na ng'ombe wote waliosalia wa nyumba yao.  Alimshika ndama sikio, akamfuta pua kwa kiganja, akawaswaga wanyama kurudi juu ya korongo walikotoka. Kesho yake jioni ndama alikufa, na tumbo lake lilikuwa limevimba mno hata watu wakaogopa kula nyama.

Kisima kile kilichimbwa na Matonya, baba yake Sila. Kilikuwa katikati ya korongo la mchanga, mahali ambapo maji ya mvua hupita kwa kishindo siku chache halafu yakajificha chini mwaka mzima. Kila mafuriko yalipokifukia, Matonya alikifukua upya, na kila mtu wa upande ule alijua kwamba anayechimba ndiye mwenye kisima. Msafiri hakunyimwa kata ya maji. Ng'ombe wa jirani walikunywa kwa zamu, baada ya jirani kuomba. Nguo hazikufuliwa pale hata siku moja, kwa sababu ng'ombe akinusa sabuni hurudi nyuma, na ukoo mzima ungemcheka mwanamke mwenye wazimu wa namna hiyo.

Halafu reli ikapita. Mdachi mmoja, Mjerumani aliyeitwa Bwana Fuchs, alijengewa nyumba ya mawe ukingoni mwa korongo, mwendo wa asubuhi moja kutoka kijiji cha Mkonze, ili asimamie kituo na watu wote wanaokizunguka. Alikuja na mkewe, watoto wao, mama mkwe wake, na masanduku ya nguo ambazo wapagazi walizibeba wakidhani ni risasi. Wadachi hawakuuliza kisima ni cha nani. Waliweka ua wa miiba na askari mlangoni, na akida, msimamizi aliyewekwa na serikali, akatembea tembe kwa tembe, nyumba moja hadi nyingine, kutangaza kwamba maji yale sasa ni ya nyumba kubwa. Watu wakachimbe kwingine. Watu wakachimba kwingine, wakapata mchanga, na chini ya mchanga wakapata mchanga.

Mwaka ule mvua haikuja. Mwezi wa Desemba ulipita mkavu, na Januari ikawa inakwenda hivyo hivyo. Mtama ulichipua kidogo ukaungua. Ndani ya ua wa miiba, Loisi alifua. Nyumba ile ilichafua nguo kama vile ilikuwa imeajiriwa kuzichafua. Watoto walibadilishwa asubuhi na tena mchana. Bwana hakuvaa shati mara mbili. Kila mlo ulikuwa na kitambaa cha meza, na kila mdomo kitambaa chake. Mama mkwe alitokwa jasho, akataka mashuka mapya kila kukicha. Kulikuwa na soksi, vizibao, magauni ya ndani yenye marinda ambayo hakuna mtu angeyaona, na mapazia ya kuzuia vumbi yaliyofuliwa kwa sababu yalikuwa na vumbi.

Loisi aliijua kazi. Alibatizwa misheni ya Mvumi akiwa msichana, na huko ndiko alikofundishwa kushika pasi ya mkaa, kuipepea, kuitemea mate kidogo asikie kama imeiva. Nguo za nyumba ile zilipita mikononi mwake zikatoka safi, naye alijivunia hilo kwa siri, na kujivunia kwenyewe kulimkera.

Asubuhi baada ya ndama kufa, aliingia barazani kwa Bibi bila kuitwa. Bibi alikuwa akihesabu vijiko.

"Bibi, nina ombi."

"Sema, Luise." Bibi hakuwahi kumwita Loisi.

"Maji ya kusuuzia, Bibi. Yale ya mwisho, ambayo hayana sabuni. Naomba niyamwage nje ya ua, ng'ombe wanywe."

"Maji ya mwisho ni ya waridi."

"Mawaridi yatapata ya kuogea, Bibi."

"Ya kuogea ina sabuni. Waridi inakufa." Bibi alisema hivyo kwa huruma ya kweli, na huruma ile ndiyo iliyomchoma Loisi zaidi. "Ng'ombe za nani?"

"Wa baba mkwe wangu. Ndiye aliyechimba kisima."

Bibi aliweka kijiko mezani. "Kisima ni ya serikali. Luise, wewe dobi mzuri sana. Usiharibu jina yako. Jumanne ni sikukuu ya Kaisari, wageni watatu wanalala hapa, sare zao zote unaona? Nyeupe kabisa. Na wanga mzito. Mara ya mwisho kola imelala kama sikio la mbwa."

Wanga huo ulikuwa unga wa muhogo, ulioletwa kwa gari la moshi kutoka Morogoro. Loisi aliukoroga kwenye sufuria juu ya mafiga nyuma ya banda la pasi, ukawa uji mzito wenye harufu ya chakula, na tumbo lake likanguruma. Nyumbani kwao watu walikuwa wanachemsha mizizi. Yeye alikuwa anapika uji na kuulisha kola za mashati. Alichota kidole kimoja akalamba, kisha akatazama kama kuna mtu amemwona, na hasira ikampanda kwa sababu ametazama.

Jumapili baada ya ibada alikwenda kumwona mama mkwe wake, Mbeleje. Mama huyo hakubatizwa wala hakuwa na haja. Alikuwa mwembamba, mwenye ulimi ambao hata Matonya aliukwepa. Loisi alimkuta uani mwa tembe, amezungukwa na wanawake wa jirani, wote wamekaa chini na miguu wameinyoosha.

"Mbukwa, Mama."

"Mbukwa, mwanangu. Kaa. Tunasema habari ya kutoka."

Loisi alielewa mara moja. Ng'ombe wanapokufa na mbingu zikafunga, watu wa kule husema wanaume wameiharibu nchi, na wanaume wakishaiharibu hawawezi kuitengeneza. Ni kazi ya wanawake. Wanavaa nguo za waume zao, wanashika fimbo na mikuki, wanachunga ng'ombe wenyewe na kutukana matusi yote waliyoyaweka akiba, halafu wanakimbia kuelekea machweo, wakautupe ule ubaya mpakani. Siku hiyo wanaume hukaa ndani na kusaga nafaka. Mwanamume akikutana nao njiani, hujibanza vichakani. Kwa mwalimu wa misheni mambo hayo yalikuwa ushetani, na Loisi hakuwa amewahi kutoka.

"Kuna jambo linanitatiza," Mbeleje alisema. "Tunavaa nguo za waume zetu kwa sababu wao ndio walioharibu. Safari hii Matonya ameharibu nini? Sila ameharibu nini? Kisima kilikuwepo na ng'ombe walikunywa."

"Si wao walioharibu," mwanamke mmoja akajibu.

"Sasa nikivaa mgolole wa Matonya, ninautupa ubaya wa nani?"

 Kisha mmoja baada ya mwingine waligeuza vichwa wakamtazama Loisi, yeye aliyekuwa na nguo za waharibifu kwenye vikapu vyake. 

"Mnanitafutia kifo," alisema.

"Kifo tunacho tayari," Mbeleje akajibu. "Tunakuomba nguo tu."

Jumatatu Loisi alipiga pasi kutwa nzima. Asingeweza kueleza kwa nini alifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko siku zote. Alinyunyizia maji kwa vidole, akanyoosha mikono, akakaza mikunjo ya suruali hadi ikasimama yenyewe. Alizipaka chokaa kofia ngumu. Kama zitavaliwa na mama mkwe wake, basi zivaliwe zikiwa zimenyooka. Bwana Fuchs alipita mlangoni mwa banda, akagusa kola moja, akasema, "Gut." Maana yake vizuri, na ndilo neno pekee alilowahi kumwambia.

Alfajiri ya Jumanne alijitwika vikapu kama kawaida, lakini badala ya kupanda kwenye nyumba ya mawe aliteremka nyuma ya banda, kwenye vichaka ambako wanawake walikuwa wanangoja. Walikuwa wamejipaka udongo mwekundu na mafuta, mwili mzima, kama inavyotakiwa. Walipoingiza mikono kwenye zile sare nyeupe, vitambaa vilidaka wekundu kila mahali palipogusa ngozi, na Loisi, dobi mzuri sana, alisikia uchungu kidogo, kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akajishika mbavu. Mbeleje alivaa sare ya Bwana Fuchs mwenyewe. Suruali ilimpita unyayo, akaikunja, akavaa kofia, akaweka fimbo kwapani.

"Nimekaaje?"

"Unachukiza, Mama."

"Basi nimekaa vizuri. Na wewe vaa. Mungu wako si ananywa maji?"

Loisi alivaa sare ya mgeni mmoja mnene. Ilikuwa na joto. Kola, aliyoikaza mwenyewe kwa wanga, ilimkata shingoni.

Waliwatoa ng'ombe zizini wenyewe. Wanaume walikuwa ndani, na mlio wa mawe ya kusagia ulisikika ukutani. Sila alikuwa akisaga vibaya, Loisi aliutambua mkono wake. Vumbi liliinuka. Wakaimba nyimbo ambazo hata kwenye pombe hazitajwi, wakimtaja Kaisari na viungo vyake vyote, wakashuka korongoni na jua linachomoza nyuma yao.

Hasani aliona vumbi, kisha weupe ndani ya vumbi. Aliona kofia ngumu, vifungo vinavyong'aa, na mbele yao mtu mwenye fimbo kwapani. Ilikuwa sikukuu, wageni walikuwepo, na Wadachi wana mambo yao. Aliruka akasimama wima, akagonga visigino, akapiga saluti.

"Fungua!" Mbeleje alinguruma.

Hasani aliuvuta mlango wa miiba mpaka mwisho. Ng'ombe walikwisha kumpita alipouona uso ulio chini ya kofia.

 Kisha akaishusha bunduki begani, akaielekeza kifuani kwa yule mama. Mbeleje alimsogelea mpaka mdomo wa bunduki ukagusa kifungo.

"Piga," alimwambia. "Lakini nieleze kwanza, shimo litakuwa kwenye nguo ya nani?"

Hasani alikuwa askari wa miaka mingi. Aliwahi kuchoma nyumba za watu kwa amri, na hakuwahi kuulizwa swali kama hilo. Aliitazama sare. Akaitazama bunduki. Akaishusha, akaketi chini, akaanza kulia kwa kuwa alijua yatakayompata.

Ng'ombe walikunywa. Loisi aliteremka ndani ya kisima na sare yake, akateka, akapandisha, wengine wakapokea na kumimina kwenye birika la udongo ambalo Matonya alilifinyanga zamani na ambalo Bibi alikuwa amepandia maua. Maua yalikwenda na ng'ombe wa kwanza. Sauti ya ng'ombe wenye kiu wakinywa ni sauti nene, na Loisi aliisikiliza huku amesimama kwenye matope, akalia pia. Walipokwisha kunywa wote, wanawake walikimbia kuelekea machweo, sambamba na reli, hadi mpakani, wakautupa ubaya kule, wakaupigia mayowe usirudi.

Kwenye nyumba ya mawe wageni wa Kaisari walikaa na mashati ya ndani, wakingoja sare. Gari la moshi lilipita na wakubwa wengine waliochungulia madirishani, na hapakuwa na mtu wa kuwapokea kituoni. Aibu hiyo ndiyo iliyoandikwa kama kosa. Askari waliwakamata wanawake njiani, mchana, wakirudi. Wakawavua sare pale pale kwenye jua.

Shauri lilisikilizwa barazani kesho yake. Bwana Fuchs alikuwa na nguo za kulalia na buti. Akida Zaidi, mtu wa pwani mwenye kanzu ambayo Loisi ndiye aliyeinyoosha, alisimama kando yake na kutafsiri.

"Bwana anasema sheria ya Kaisari hairuhusu kumchapa mwanamke," alisema taratibu. "Serikali ina huruma. Kwa hiyo atachapwa mwenye kisima."

"Kisima si cha serikali?" Loisi aliuliza.

Akida hakutafsiri. "Mzee Matonya, lala."

"Mimi ndiye niliyezitoa nguo!" Loisi alisema. "Mimi ndiye niliyewavalisha. Nifungeni mimi."

"Kukufunga?" Akida alitabasamu kama mtu anayemwelekeza mtoto. "Wewe una kazi, binti yangu. Bibi hana dobi mwingine. Sare zile hapo, zifuliwe, wageni wanaondoka."

Matonya aliamkia baraza zima kwa adabu, kama mtu aliyealikwa, akalala kifudifudi. Alipigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Hakupiga kelele hadi katikati, na baada ya hapo sauti yake haikuwa ya mtu mzima tena. Hasani, aliyevuliwa cheo, ndiye aliyelazimishwa kumshika miguu.

Loisi alipewa kikapu cha sare, nyekundu kwa udongo, zenye mavi ya ng'ombe magotini. Ua wa miiba ulikuwa umeongezwa unene, na askari walikuwa wawili. Alikaa mbele ya karai kuanzia saa sita hadi jua likaelekea kuzama. Kisha akazitundika sare kwenye kamba hivyo hivyo zilivyo, moja moja, akizinyoosha mabega.

Asubuhi Bibi alikuja akazitazama. "Luise. Haijafuliwa."

"Hazijafuliwa, Bibi."

"Kwa nini?"

"Ng'ombe hawajanywa. Siku watakayokunywa nitafua. Nitafua mpaka uniambie basi."

Bibi alisimama kidogo, akapepesa macho. Loisi alidhani atasema kitu kama mwanamke kwa mwanamke. Bibi aligeuka akamwita mumewe.

Haikuchukua muda. Akida alikuja na askari wawili, na katikati yao Sila. Walimleta hadi mbele ya karai, palipo wazi, ili Loisi aone vizuri.

"Bwana ameamua hivi," Akida alisema. "Kila siku ambayo nguo hazijafuliwa, mwanamume mmoja wa tembe yenu atalala. Jana baba, leo mwana. Baada ya huyu kuna shemeji zako, kuna wajomba. Ninyi mna ukoo mkubwa." Alitazama mbali, akaongeza kwa sauti ya chini, "Fua, mwanangu. Ni nguo tu."

Loisi alitazama kipande cha sabuni. Kilikuwa hapo, kwenye jiwe, na maji aliyotekewa yalikuwa hapo. Ingemchukua asubuhi moja. Alitaka kuzifua nguo zile, na nguo zote za Udachi, kama zingemwondoa Sila mikononi mwa askari wale. Mkono wake ulikwisha kunyooka.

Sila aliuona mkono. Hakungoja kusukumwa. Alifungua nguo yake, akailaza kando, akalala mwenyewe mchangani, uso ameugeuzia upande wa mkewe.

"Usifue," alisema.

Loisi aliyamimina maji yote ya karai nje ya ua, upande wa ng'ombe, askari wakitazama. Aligeuza karai juu chini, akalikalia. Aliikalia na mikono yake pia, kwa sababu hakuiamini.

Kutoka barazani Bibi aliita, "Luise! Vitambaa vya meza vya mchana viko wapi?"

Kiboko kiliinuka. Loisi hakuinuka.